Ghorofa Juu ya Maji

Buzwagi hakuna ziwa, kuna shimo. Mgodi wa wazi ulioanza uzalishaji mwaka 2009 pembeni mwa mji wa Kahama ulifungwa 2021, na eneo lake likatengwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi. Waliofanya kazi mle wanajua kwamba mashine haikuteremka ngazi mpya kabla wahandisi hawajakubaliana juu ya mwinamo wa ukuta. Mwamba haujali nani ana hisa. Ukikatwa wima kupita uwezo wake, unaporomoka.

Watu wa ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, wanaheshimu hesabu wakiwa chini ya ardhi. Hata mchimbaji mdogo asiye na cheti hashuki duarani kabla hajauliza matimba yamepigwa na nani. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo akishapata fedha na kutaka kujenga kitu cha fahari, hesabu anaiacha kulekule duarani.

Tumchore bosi mmoja. Si mtu fulani. Ametungwa kwa ajili ya funzo hili. Ana plenti mbili za kuchenjulia marudio, ana gesti Kahama mjini, ana malori yanayopakia Isaka. Sasa anataka boti yake ya starehe Mwanza: ya injini, yenye vyumba vya kulala, ya kukaribishia wageni Jumapili. Anakwenda kwa fundi akiwa na simu mkononi, na ndani ya simu mna picha ya boti ya kifahari iliyopigwa Dubai.

"Fundi, nataka kama hii."

"Inawezekana, bosi."

"Mita ngapi hii?"

"Mita 14 zitakutosha."

Mazungumzo yakaishia hapo, wakahamia kwenye bei. Hakuna aliyeuliza boti itabeba watu wangapi, itafika wapi, itatembea usiku au mchana tu, itafungwa gati gani na kina cha hapo kikoje ziwa likipungua. Maswali hayo ndiyo ramani yenyewe. Michoro huja baadaye kuyajibu.

Baada ya mwezi, bosi anaona jua litawachoma wageni, paa linaongezwa. Rafiki anashauri paa liwe sakafu ili watu wacheze muziki juu. Jenereta linapandishwa nalo, kelele zisisumbue waliolala. Maji ya kuoga? Simtanki la lita 1,000 linawekwa paani kama kwenye nyumba yoyote ya Kahama. Sakafu ya sebule inapigwa marumaru. Kila mara fundi anajibu "inawezekana", na hasemi uongo, maana chochote kinaweza kuchomelewa juu ya chochote.

Hebu tupige hesabu ambayo hawakuipiga. Tuseme boti ina tani 30 pamoja na wageni waliomo. Kitovu chake cha uzito kiko nusu mita chini ya nukta ambayo kikiifikia, chombo kikilala ubavu hakirudi tena. Nusu mita hiyo ndiyo akiba ya uhai wa wote waliomo. Wageni 20 wenye wastani wa kilo 75 ni tani 1.5. Wakipanda kutoka sakafu ya chini hadi ya juu, mita 2.5, kitovu cha boti nzima kinapanda sentimita 12.5. Robo ya akiba imeliwa na ngazi. Sasa boti ipite mbele ya Jiwe la Bismarck pale Mwanza na wote wakimbilie ubavu mmoja kupiga picha, mita 2 kutoka katikati. Wangekuwa chini, boti ingelala nyuzi 11 hivi. Wakiwa juu, inalala nyuzi 15. Hapo hatujagusa jenereta, wala simtanki ambalo likijaa ni tani nzima paani, na likiwa nusu maji yake hukimbilia ubavu uleule ambao boti imelalia.

Bosi wetu ametungwa. MV Templar haikutungwa. Jumamosi jioni, tarehe 24 Novemba 2018, boti hiyo ya starehe ya mtu binafsi ilikuwa Ziwa Victoria upande wa Uganda, imejaa watu waliotoka Kampala kwa muziki na vinywaji. Ilipinduka karibu na ufuko wa Mutima, wilaya ya Mukono, nchi kavu ikionekana kabisa. Zaidi ya watu 30 walikufa, mwenye boti akiwa miongoni mwao. Kwa maelezo ya mamlaka za Uganda, waliopanda walizidi sana uwezo wa chombo, hali yake kiufundi ilikuwa mbaya, na hakikuwa na usajili wala leseni. Wavuvi waliokimbilia kuokoa walivamiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, mitumbwi yao nayo ikazama.

Miezi miwili kabla, tarehe 20 Septemba, kivuko MV Nyerere kilikuwa kimepinduka kikikaribia gati la Ukara, Ukerewe. Kilisanifiwa kwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220.

Wengi husema mambo haya ni ya nahodha: yeye ndiye aliyejaza. Kwa kivuko, nakubali kwa sehemu kubwa. Kwa boti ya starehe, sikubali. Kivuko kina tiketi na karani wa kuhesabu. Boti ya bosi haina. Nahodha ni mwajiriwa wake, hawezi kumwambia shemeji wa bosi ashuke. Kwa hiyo anayepanga boti ya namna hiyo lazima apange kwa ajili ya umati utakaokuja kweli, si ule ulioandikwa kwenye karatasi. Sakafu ya juu ikiwa kubwa, watajaa juu. Dawa ni kuifanya ndogo tangu kwenye mchoro, au kuiacha kabisa. Upana wa chombo uongezwe, injini na matangi ya mafuta yakae chini kabisa, na farumi, uzito wa chini wa kutuliza chombo, ihesabiwe mapema badala ya kutupiwa mifuko ya mchanga ngamani baada ya boti kuanza kuyumba.

Tusidhani kwamba wenye fedha wa Kahama ndio wa kwanza kuongeza ghorofa. Gustav II Adolf, mfalme wa Sweden, aliagiza manowari iliyoitwa Vasa. Alitaka mizinga mizito kwenye sitaha mbili, na juu yake sanamu za kuchongwa za kutisha adui. Fundi mkuu, Henrik Hybertsson, alifariki mwaka 1627 kazi haijaisha. Kabla ya safari, watu 30 waliambiwa wakimbie kutoka ubavu hadi ubavu kupima utulivu wa meli; baada ya mizunguko mitatu jaribio likasimamishwa, maana ilikuwa karibu kupinduka ikiwa bado imefungwa. Mfalme alikuwa vitani na barua zake zilihimiza haraka. Hakuna aliyethubutu kumpelekea habari. Tarehe 10 Agosti 1628 Vasa iling'oa nanga Stockholm, ikaenda kama mita 1,300, upepo kidogo ukailaza, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga, ikazama mbele ya umati uliokuja kuishangilia. Mafundi walipohojiwa walijibu kwamba vipimo vyote viliidhinishwa na mfalme mwenyewe. Hakuna aliyeadhibiwa. Ilipoibuliwa mwaka 1961 ikawa makumbusho, na ndani yake watafiti wakakuta rula za mafundi zilizotofautiana: nyingine za futi ya Sweden, nyingine za futi fupi ya Amsterdam. Yaelekea upande mmoja wa meli ulijengwa kwa kipimo chake, upande wa pili kwa kingine.

Mtu wa dhahabu anaelewa maana ya mizani miwili katika duka moja.

Kosa jingine halihusu uzito, linahusu mahali. MV Skagit ilijengwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya Puget Sound, jimbo la Washington. Ilipouzwa mwaka 2011 ikaletwa mkondo wa Zanzibar, na tarehe 18 Julai 2012, msimu wa kusi, ikapinduka na kuzama karibu na kisiwa cha Chumbe. Picha ya Dubai kwenye simu ya bosi ina kasoro hiyohiyo. Boti ile ilichorwa kwa maji ya chumvi, usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa huo, na injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa wembamba wa hewa. Rafadha iliyopangwa kwa nguvu kamili itaielemea. Maji baridi hubeba kidogo kuliko ya chumvi, kwa hiyo chombo kilekile huzama chini zaidi. Gugu maji huziba matundu ya kuvutia maji ya kupoza injini, basi vichujio viwe viwili na vifunguke kwa mkono. Na mawimbi ya ziwa ni mafupi na ya karibukaribu. Dhoruba ya usiku haimpi mtu muda wa kufikiri.

Kama bosi wetu anataka mfano mzuri, upo Kigoma. MV Liemba, iliyoitwa Graf von Götzen, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Waliopanga walijua tangu mwanzo kwamba lazima ifunguliwe vipande, ipakiwe kwenye masanduku yapatayo 5,000, ipitie Dar es Salaam na reli ya kati, iungwe upya ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Iliingia majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini mafundi walikuwa wameipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Ilihudumia watu wa ziwa lile kwa miongo mingi baada ya hapo.

Safari ya kufika majini ni sehemu ya mpango, na hapa watu wa Kahama wajihadhari zaidi. Kiwiliwili cha boti chenye upana wa mita 4.5 kikichomelewa nyuma ya gereji mjini, kitatokaje? Lori la kawaida halifiki upana wa mita 3, na nyaya za umeme hazitapanda juu kwa sababu ya fahari ya mtu. Jenga ufukweni, Mwanza, ambako kuna yadi zinazounda vivuko na kuna wahandisi wa kazi hiyo.

Basi msomaji mwenye fedha na hamu, fanya hivi. Kabla ya malipo ya kwanza, andika karatasi moja: watu wangapi, maji gani, mwendo gani, mchana au usiku. Mpe mhandisi wa meli, umdai hesabu ya uthabiti wa chombo kikiwa kimejaa na wote wamesimama ubavu mmoja juu. Ipeleke michoro TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kabla ya kukata bati, usingoje wakukute majini. Ukitaka kuongeza kitu baada ya hapo, hata simtanki, hesabu irudiwe. Na fundi atakayekujibu "inawezekana" kabla hajauliza ni watu wangapi, mshukuru kwa chai yake, uondoke na fedha zako.