Pete za Barafu na Ulimi wa Muumini

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu zangu katika imani, huko Siberia, nchini Urusi, kuna ziwa Baikal ambalo huganda kila msimu wa baridi. Mwaka 2009 wanaanga waliokuwa juu ya dunia walipiga picha ya duara jeusi kwenye barafu yake, lenye upana wa kilomita kadhaa, kana kwamba limechorwa kwa bikari. Watu wakasema mengi: viumbe wa sayari nyingine, gesi ya methani inayopanda kutoka chini. Picha hiyo ilipofika kwenye kundi letu la simu, ikiwa na maneno kwamba ni alama ya Kiyama, niliandika “Subhanallah” nikaisambaza. Sikuuliza chochote.

Watafiti walikwenda, wakatoboa barafu, wakapima. Chini yake walikuta maji yenye joto kidogo kuliko ya pembeni, yakizunguka polepole. Mkondo una nguvu zaidi ukingoni, na hapo ndipo barafu huliwa kutoka chini ikawa nyembamba. Aliyesimama juu yake haioni pete hiyo, wala dereva anayevuka ziwa haioni. Basi kuijua sababu kunaweza kuokoa roho.

Hapa Nyundo hatuna barafu, lakini mto wetu Sebeya huteremka hadi ziwa Kivu, ambalo nalo limeficha jambo: methani na kaboni daioksaidi nyingi zimeyeyuka katika vina vyake. Mei 2021 Nyiragongo ulipolipuka na ardhi ikatetemeka siku kadhaa, watu wengi wa Goma walivuka mpaka kuja kwetu. Katika siku kama hizo, ujumbe mmoja wa uongo kwamba ziwa linalipuka usiku huu unatosha kumfanya mama akimbie gizani na watoto. Na anayesema kwamba hao wamepatwa na adhabu, nani amemwambia? Hatari ya gesi ni ya kweli, na kwa sababu hiyo tuwasikilize wanaolipima ziwa.

Tukumbuke siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.). Jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Baba mwenye huzuni angeweza kunyamaza, na uvumi ule ungemtukuza mwanawe. Hakunyamaza. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Allah, hazipatwi kwa kifo wala uhai wa mtu, kisha akawaelekeza kwenye swala na dua. Alikataa uongo hata uliompendelea.

Kujua sababu hakupunguzi utukufu wa Muumba. Ni nani aliyejaalia barafu ielee, samaki wakaishi chini yake?

Katika Suratul Israa, aya ya 36, tunakatazwa kufuata tusiyo na ujuzi nayo, na tunaambiwa masikio, macho na moyo vitaulizwa. Kidole kinachosambaza ujumbe nacho ni shahidi. Kabla hujatuma, uliza: nani amepima? Usipojua, sema Allahu a'lam, na uiache.

Ewe Allah, tuzidishie elimu yenye manufaa, uzilinde ndimi zetu na watu wa pande zote za ziwa hili. Amin.