Kazi Isiyokusudiwa: Jeni Zilizotokana na DNA Inayohama

Zaidi ya robo tatu ya DNA ya alizeti, zao maarufu la Singida, imetokana na transposoni: vipande vinavyojihamisha, au kujinakili na kupachika nakala zake penginepo kwenye kromosomu. Katika mahindi hufikia takriban asilimia 85. Ni kwenye mahindi hayo, kwa kuchunguza punje zenye madoadoa, Barbara McClintock wa Marekani alikovigundua miaka ya 1940. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1983. Vipande vingi vya aina hii havimfai mwenyeji wake, na kikitua katikati ya jeni huivuruga. Kuviita takataka, kama ilivyozoeleka, kulikuwa hukumu ya haraka.

Baadhi ya transposoni hubeba jeni ya transposesi, kimeng'enya kinachotambua na kushika sehemu maalumu za DNA ili kipande kihame. Ncha za kipande zikiharibika, safari huisha, lakini protini yake yaweza kubaki na uwezo wa kushika. Mshiko huo ukiwasha jeni nyingine kwa faida ya mmea, uteuzi asilia huuhifadhi. Ndivyo zilivyopatikana FHY3 na FAR1, jeni za Arabidopsis, mmea mdogo wa maabara. Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa zilitokana na transposoni za jamii ya Mutator. Sasa huwasha jeni zinazousaidia mche kuitikia mwanga mwekundu wa mbali, ule unaozidi chini ya kivuli cha majani.

Je, kisichokuwa na kusudi chaweza kulipata? Mwanafalsafa Aristotle alieleza viungo vya viumbe kwa malengo ya viungo hivyo. Lakini FHY3 hutenganisha asili ya kitu na kazi yake. Vivyo hivyo, jina la Utemini, kata ya mjini Singida, limebeba neno utemi, yaani uchifu. Mamlaka ya machifu Tanganyika yalifutwa kisheria mwaka 1963, jina likabaki kuelekeza watu mtaani. Ulinganisho huu una mpaka: jina hutumiwa na watu wenye nia, ilhali transposoni haina nia wala anayeituma kwa macho ya maabara. Muumini aweza kusema Muumba hupitishia mpango wake hata kwenye ajali. Asiyeamini atajibu kwamba uteuzi asilia watosha. Protini inayoshika DNA haimpi ushindi yeyote kati yao. Tena, kwa kila kipande kilichopata kazi, vingine vingi mno vimechakaa kimya kwenye kromosomu, na maelezo yoyote ya kusudi yana deni la kuvieleza hivyo pia.