Tawakkul haianzi kwa ghala tupu

SHUKRANI zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mgawaji wa riziki. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika mitaa yetu, kuanzia Mbagala na Tandika hadi Magomeni na Tegeta, wapo wasomi wengi, wahasibu, wahandisi na wanasheria, wanaotamani kuacha ajira na kufungua ofisi zao za ushauri wa kitaalamu. Nia hiyo ni njema. Abdulrahman bin Auf (r.a.) alipohamia Madina, Saad bin Rabii (r.a.) alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye alimwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko lilipo, akaanza kwa kuuza jibini na samli. Uislamu haumfungi mtu kwenye mshahara.

Tatizo ni pale mtu anapoandika barua ya kuacha kazi leo, na akiulizwa watoto watakula nini kesho anajibu kuwa ametawakali. Huko ni kulisingizia neno tukufu. Yusuf (a.s.) alikuwa Nabii, na bado aliwaelekeza watu wa Misri walime miaka saba na kuhifadhi mazao kwa ajili ya miaka saba ya shida (Qur'an 12:47-48). Hakuona kuwa kuweka ghala kunapingana na tawakkul.

Tumtazame pia Abubakar Siddiq (r.a.). Baada ya kupewa ukhalifa alibeba nguo zake kwenda kuuza sokoni kama kawaida. Umar (r.a.) alipomzuia, alitaka kujua atailisha familia yake kwa kitu gani. Ndipo akapangiwa posho kutoka Baitul Maal. Ikiwa mbora wa umma huu baada ya Mtume aliuliza swali hilo kabla ya kuacha biashara yake, sisi ni nani tusiulize?

Basi, anayetaka kuacha kazi na afanye hesabu tatu.

Kwanza, hesabu ya nyumba. Aandike matumizi ya mwezi: chakula, ada, nauli, dawa, umeme, na kile anachowatumia wazazi. Ushauri mara nyingi hulipwa baada ya kazi kukamilika, na mteja anaweza kukaa na ankara yako miezi mitatu. Mwenye nyumba hataki kusikia habari hizo, anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kwa hiyo akiba ya miezi sita ndiyo ya chini kabisa, na mwenye watoto shuleni afikirie ya mwaka. Wala asitegemee kubebwa na mfuko wa hifadhi ya jamii. Fao la kukosa ajira lililoletwa na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake.

Pili, hesabu ya madeni. Mkopo uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara haufi mshahara unapokoma. Mtume (s.a.w.) aliacha kumswalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolibeba deni lile. Anayetoka kazini na madeni, miezi miwili bila mteja inaweza kumfikisha kwa wakopeshaji wa "kausha damu", akaingia katika riba aliyokuwa akiikimbia.

Tatu, hesabu ya amana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, itimize. Usitumie saa za mwajiri kutafuta wateja wako, wala usiondoke na nyaraka zake. Kama mkataba wako hauzuii, anza na mteja mmoja jioni au siku za mapumziko, uone kama watu wako tayari kukulipa.

Hesabu hizo azifanye pamoja na mkewe, kwani yeye ndiye atakayepika siku ambayo hakuna kilicholetwa. Na akiba hiyo ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka, asisahau zaka yake, asilimia 2.5.

Baada ya hapo aswali istikhara, aandike barua yake, na atawakali. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na yenye baraka. Amin.

Wabillahi tawfiq.