Kudura na Dhima

Mafuriko yakilifikia Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, watu husema: "Ni kudura ya Mungu." Neno hilo ni kweli, lakini je, latuondolea dhima?

Tafakari. Hewa ikizidi joto kwa digrii moja, huweza kubeba mvuke zaidi kwa kadiri ya asilimia 7. Hivyo mvua kubwa huzidi ukali. Na joto hilo limeongezwa na wanadamu, wachomao mafuta na makaa ya mawe. Ama ardhi ya kinamasi bondeni, kazi yake ni kuyapokea maji, kuyatandaza na kuyapunguzia kasi. Sisi tumeijaza kifusi, taka na nyumba. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wasiopungua 40 jijini humo.

Yamkini utasema: maskini hana pengine pa kujenga. Naam, ndiyo sababu dhima si yake peke yake, bali pia ya aliyemwuzia kiwanja kile hali akijua, na ya akaaye juu kilimani atupaye taka mtoni.

Basi, kabla hatujauliza kwa nini mvua imeletwa, yatupasa tujiulize: ni nani aliyeiziba njia yake?