Timazi na Jicho

Lenzi pana ya kamera, ile inayokusanya mandhari kubwa katika picha moja, haipindishi kila kitu kwa kiasi kimoja, kwani mstari unaopita katikati hubaki umenyooka ilhali ule wa pembezoni hubetuka kwa nje kama ubavu wa pipa. Mnara wa msikiti mjini Garissa ukiangukia ukingoni mwa picha huonekana kama upinde, ingawa mwashi aliujenga wima. Kosa hili, yaani upotoshaji wa lenzi, halimdhuru aliye katikati. Nao wakazi wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya, iliko Garissa, waliotawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu 1963 hadi 1991, hawahitaji kufafanuliwa zaidi maana ya kutazamwa ukingoni.

Ili kompyuta inyooshe picha, kamera husawazishwa kwanza, yaani huonyeshwa kitu ambacho unyoofu wake umekwisha kujulikana, kisha hukokotolewa ni kwa kiasi gani lenzi imekipinda. Mwaka 1971 Mmarekani Duane Brown alitumia nyuzi za timazi. Baadaye Zhengyou Zhang akatosheka na ubao wa miraba uliopigwa picha kwa mielekeo kadhaa.

Lakini unyoofu huo wa awali umejulikanaje? Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika al-Munqidh min al-Dalal kwamba jicho hukiona kivuli kimetulia, na baada ya saa moja mtu hubaini kuwa kilikuwa kikisogea. Akili ikalisahihisha jicho, naye akauliza kama nyuma ya akili hakuna hakimu mwingine wa kuisahihisha akili yenyewe. Shaka hiyo ilimsumbua karibu miezi miwili, na haikuondolewa kwa hoja bali kwa nuru aliyoitia Mungu kifuani mwake. Mhandisi hafiki huko, kwa kuwa uzi wa timazi haunyooki kwa kutazamwa, hunyooka kwa uzito unaouvuta, na hivyo shahidi wa jinsi nyingine hulisahihisha jicho. Kwa picha, jibu hilo linatosha. Kwa akili halitoshi, maana akili haina pa kutundika uzi nje yake yenyewe, isipokuwa ikubali, kama alivyokubali Ghazali, kuwa ipo nguvu inayoivuta kutoka nje.

Kivuli nacho kina siku ya kutoweka: Garissa iko chini ya nusu digrii kusini mwa ikweta, na takriban tarehe 20 Machi kijiti kilichosimamishwa wima hukosa kivuli kabisa adhuhuri, hata anayengoja jua lipinduke ili aadhini hana cha kutazama kwa kitambo, mpaka kivuli kichomoze upande wa mashariki.