Asiye na Mwamba Ajenge Wapi?

Sote twaijua habari ya mtu mwenye akili aliyejenga nyumba yake juu ya mwamba. Lakini huku kwetu, mto Rufiji ugawanyikapo mikono mingi kuingia baharini, hapana mwamba. Pana matope na mchanga tu. Je, tu wapumbavu kwa kukaa hapa?

Wazee wetu hawakudhani hivyo. Walijua ya kuwa mafuriko huleta rutuba. Wakajenga madungu juu ya nguzo ndefu, maji yakapita chini, nao wakalinda mpunga wao. Hawakushindana na mto, waliupisha. Miaka ya 1968 na 1969 watu wengi walihamishwa kutoka bondeni hata miinukoni, na ustadi ule ukapungua. Aprili 2024 mafuriko makubwa yalipofika Rufiji na Kibiti, nyumba nyingi ziliingiwa na maji, nyingine zikaanguka.

Tena liko neno la pili. Boriti za mikoko yetu zilipelekwa zamani hata Unguja na Uarabuni, zikachukua dari za nyumba za mawe. Ni mti imara kweli. Lakini mkoko usimamao hupunguza nguvu za mawimbi, na bahari yazidi kupanda kwa sababu ya joto la dunia. Basi aikataye mikoko yote ili aimarishe nyumba yake, ameubomoa ukuta wa jirani.

Twaona mwamba wetu ndio huu: kuinua sakafu, kuupisha mto, na kukata mti kwa kiasi, tukiwakumbuka watakaokaa hapa baada yetu.