Nani Amtunza Mtunzi?

Kila Ijumaa usiku naendesha karaoke kwenye baa moja hapa kisiwani. Mtu anaomba wimbo, nabonyeza laptopu, maneno yanapita kwenye skrini, yeye anapiga kelele. Majuzi mteja mmoja aliimba "Jambo Bwana", akaiharibu kweli kweli, kisha akanitunza mia mbili. "Shika, DJ. Wimbo mtamu!" Nikatia mfukoni. Narudi zangu Mji wa Kale, swali likanikaba: utamu ule ni wangu?

Aliyeutunga ni Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi iliyokuwa ikitumbuiza watalii hotelini huku kwetu Mombasa. Ulitoka 1982, mwaka uliofuata Boney M wakatoa toleo lao. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Ala za karaoke hata zikipigwa upya na wengine, tuni na maneno bado yana mwenyewe. Na kulipia wimbo ili usikilize chumbani kwako si ruhusa ya kuuchezea baa nzima. Hiyo ina leseni yake.

Nilipomuuliza mwenye baa kuhusu leseni, alicheka. "Kwani hizo pesa wasanii wenyewe wanaziona?"

Ana hoja, bwana. Mwaka 2019 wasanii walilalamika hadharani baada ya kupata mgao wa shilingi 2,530. Lakini hebu fikiria: umekopa unga dukani, ukamtuma mtoto apeleke pesa, akazipoteza njiani. Mwenye duka bado anakudai. Mbane mtoto, mtafute mwingine wa kumtuma, sawa. Ila huwezi kusema kwa kuwa mtoto hupoteza, basi hutumi tena, na unga utaendelea kuchukua.

Kuna watakaoniambia muziki wa Mombasa umekua kwa kuazima. Kweli. Marehemu Juma Bhalo alichukua tuni za filamu za Kihindi akaziimbia mashairi ya Kiswahili, na mji mzima ukampenda. Lakini yeye alitia kitu: shairi, sauti, uchungu. Mimi natia nini? Kidole.

Tena sisi ndio wenye mila ya kutunza. Kwenye taarab ya harusi hakuna afisa wala risiti. Wimbo ukikugusa, unainuka mbele ya watu na noti mkononi. Tumejua siku zote kwamba wimbo ukikufurahisha, unakudai. Shida ni kuwa tunamtunza aliye mbele yetu. Mtunzi asiyekuwepo hatumuoni, na karaoke imejaa watunzi wasiokuwepo.

Dawa ya deni ni kulipa. Nimemwambia mwenye baa: leseni kwanza, kisha nifungue laptopu, na pesa zisipowafikia wasanii, tutapiga kelele pamoja nao tukiwa tumelipa. La sivyo, atafute DJ mwingine.

Bado hajanijibu. Na kodi ya chumba ni tarehe tano.